Udongo wa Kwao

Nilianza na kosa la mapenzi:
nilikitia samadi.

Kiazi kimoja, hakizidi kidole gumba cha mtoto,
kilichonasa kwenye mshono wa gunia
Sichone alipokwisha kupima, kulipa
na kuteremka zake Tunduma.

Misimu saba nilimchimbia Sichone.
Jembe la mpini mfupi, magoti kwenye umande,
macho yakisaka zambarau katikati ya nyasi za Kitulo
kama mtu anayetafuta sokoni uso anaoujua.
Debe likijaa, Lutengano anapata madaftari.
Debe la pili, viatu.
Ua lenyewe sikuwahi kuliuliza jina.
Tuliliita chikanda,
jina la kitu kilichokwisha kupikwa.

Basi nikakitia samadi, ile ile ya zizini
inayonenepesha viazi vyangu vya mviringo.
Nikakinywesha asubuhi, nikakinywesha jioni.
Majani mawili yakachomoza,
yakaungua ncha, yakajikunja
kama karatasi ya kufungia chumvi.
Enesia akachungulia juu ya ua wa matete:
"Wenzio Matamba nzima tunang'oa magugu.
Wewe unayalea."

Nikakifukua. Upande mmoja kilikuwa bado kigumu.

Nikapanda tena kule juu, kutwa nzima kwa miguu,
mfuko wa salfeti kwapani.
Nje ya vigingi vya hifadhi nikachota udongo mweusi,
mchachu, unaonuka uyoga na mizizi ya zamani,
udongo ambao mahindi yangeususia.
Nikatoboa kopo la rangi kwa msumari,
nikakilaza humo, kwao.

Hapo ndipo nilipojifunza kazi inayoshinda kulima:
kutofanya kitu.

Mei majani yakalala.
Juni jalidi ikamwaga chumvi yake uani,
bomba likagoma, ng'ombe wakafuka moshi puani,
na kopo likawa kopo la udongo, basi.
Lutengano akauliza, kuku hawawezi kunywea maji humo?
Nikamwambia: liguse uone.

Mvua za Novemba. Ncha moja ya kijani,
kama ulimi wa mtu anayeonja uji wa moto.
Mwaka huo majani tu.
Mwaka wa pili, majani tu, na konokono.

Mwaka wa tatu, Februari,
nilitoka kumwaga maji ya vyombo
nikakuta shina limesimama, maua kumi na tisa.
(Nilihesabu mara mbili. Enesia alihesabu ishirini.)
Zambarau yake si ya kitenge, wala ya joho la askofu.
Ni ya midomo ya mtoto
aliyetoka kuoga mtoni mwezi wa saba.

Yalipokauka nikachukua kijiko cha chai,
nikafukua pembeni, taratibu, nione tu.
Viazi vilikuwa viwili.
Kimoja cheusi, kimesinyaa, kimetoa vyote.
Cha pili cheupe, kimejaa, kimeegemea kile cheusi.

Nikakaa chini palepale, kwenye matope.

Kumbe ndivyo kinavyovuka mwaka.
Misimu saba niliokota kile cheupe
na kile kilichosinyaa nikakitupa juani,
nikisema hiki hakina uzito.
Mwana debeni, mama nyasini.
Na mimi ni mama wa mtu.

Jana Sichone alipiga simu. Bei imepanda, anasema,
karibu mara mbili.
Nikamwambia mtandao unakatakata.
Haukuwa unakatakata.

Nikafukia kwa vidole, nikaacha kama nilivyokuta.
Maji sikutia: ukungu ulikuwa unateremka
kutoka juu, nao hauhitaji kufundishwa.

Ada ya Lutengano bado nusu.
Kijiko nimekiosha, nimekirudisha kabatini.